Alikimbia na screen mgongoni, picha ikabaki Turbo

Wakuu, poleni na majukumu.

Mvua ya Eldoret imeninasa dukani tangu saa nane na mteja hata mmoja hajaingia. Jana kuna mwenzetu humu aliuliza kwa nini picha kwenye screen inang'aa vizuri, lakini ikitoka kwa printer inakuwa na giza. Nilianza kumjibu kwa sentensi mbili nikashindwa, maana mimi jibu hilo nilijifunza na mama mmoja, na siwezi kulieleza bila yeye.

Kwa hiyo nafungua uzi. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyokuwa, hata pale nilipojiaibisha. Nikitia chumvi, mods wafute.

Mimi ni fundi wa kompyuta. Nina ugonjwa wa kutaka kujua ndani ya kitu kuna nini. Nikiwa mdogo kule Moi's Bridge nilifungua redio ya mzee nikitafuta mtangazaji, na kilichonipata baada ya hapo hakihusiani na uzi huu.

Mwaka mmoja hivi kabla ya ule uchaguzi wa 2007, kuna mzee wa duka huko Turbo alitaka kompyuta. Tumwite Baba Njoki. Watu wake walitoka mkoa wa Central, lakini yeye alizaliwa hapa hapa, na Kikalenjin alikuwa anakiongea kunishinda.

Nilimpelekea mashine mwenyewe. Ilikuwa na monitor ya zamani, ile yenye kisogo kirefu, nzito kama jiwe la kusagia. Nikaiweka mezani. CPU, ile box ya chuma, nikaisukuma chini ya meza, ukutani kabisa.

Mke wake, Mama Njoki, akaniuliza ile ya chini ni ya nini. Mimi nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Mama, hiyo usiguse. Ni ya stima."

Kabla sijamaliza chai yangu alikuwa ametoa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono, chenye maua ya pinki pembeni, akaivalisha monitor. CPU ilibaki chini na vumbi lake, karibu na ndoo ya kupigia deki.

Mliolelewa huku mnaelewa. Kwa nyumba zetu, kitu chenye kitambaa ndicho cha maana. Sofa ina kitambaa, TV ina kitambaa, redio ina kitambaa. Hujawahi kuona mtu akishonea ndoo kitambaa.

Siku hiyo hiyo nilikuwa na camera ndogo ya digital. Nikampiga Baba Njoki picha moja mbele ya duka, nikaiweka kwa kompyuta ili waone maajabu. Walifurahi sana.

Miezi michache baadaye Baba Njoki akaugua, akafa. Njoki, binti yao, alikuwa bado ananyonya.

Kisha uchaguzi ukaja. Siasa sitaki kuingia, mnajua uzi utaishia wapi. Niseme tu kwamba watu wa asili ya Central walichomewa nyumba na kufukuzwa, mimi nilifunga duka wiki kadhaa, na moshi wa upande wa Turbo tulikuwa tunauona.

Mji ulipotulia kidogo nikafungua. Asubuhi moja akaingia Mama Njoki, akitokea kwenye mahema ya waliofukuzwa, kule Showground. Alikuwa amekonda. Mgongoni alikuwa amefunga kitu kwa leso, vile mtu anabeba mtoto, na mimi nikadhani ni mtoto.

Akafungua leso polepole. Ilikuwa ile monitor, imefungwa kwa nailoni, na chini ya nailoni kile kitambaa.

Wakuu, huyo mama alikimbia na Njoki mkononi na monitor mgongoni. Aliacha blanketi, aliacha unga. Kwenye hema mvua ikinyesha, alikuwa anahamisha godoro ili monitor ipate pahali pakavu. Majirani wa hema walikuwa wanamwona amechanganyikiwa.

"Fundi, washa," akaniambia. "Album yote iliungua na nyumba. Nimebaki na ile picha tu ulimpiga. Huyu mtoto hajui baba yake alikuwa anafanana aje."

Nikaunganisha stima. Screen ikaamka, na kale kasanduku ka "No signal" kakaanza kutembea kwenye weusi, kakigonga pembe na kurudi.

Nikamuuliza, "Na CPU iko wapi?"

"Hiyo ni nini?"

"Ile box ya chini ya meza."

"Ile ya stima? Niliiacha. Stima ningeibebea nini?"

Nikacheka.

Nitarudia ili adhabu yangu ikamilike: nilicheka. Ilitoka tu, vile fundi anacheka mteja akisema mouse imekufa kumbe haijachomekwa. Halafu nikaona uso wake, nikakumbuka ni nani alimwambia hiyo box ni ya stima. Hicho kicheko kinaniuma mpaka leo.

Nikamweleza kwamba picha haikai kwa screen. Ilikuwa ikikaa kwa ile box.

Hakulia. Alifanya kitu ambacho sikutegemea: aliuliza swali. Akaonyesha kale kasanduku ka maandishi. "Sasa kama ndani hakuna kitu, hayo maneno yametoka wapi?"

Hebu fikirieni. Nilikuwa nimefanya hii kazi miaka na sijawahi kuulizwa hivyo. Nikamwambia ndani kuna kachip kadogo kamefundishwa maneno machache: kusema signal haipo, kuuliza kama unataka mwangaza uongezwe. Hakajui kitu kingine, na hakakumbuki kitu chochote ulichowahi kukionyesha.

Akavuta kiti. "Nionyeshe."

Basi nikachomeka CPU yangu kwenye monitor yake, nikafungua ukurasa mweupe mtupu. Nikachovya kidole kwa maji nikaweka tone dogo kwenye kioo. Jaribuni na simu zenu, tone dogo kabisa, linakuza kama lenzi. Akainama, akaona kwamba hapakuwa na rangi nyeupe popote. Palikuwa na vialama vya nyekundu, kijani na buluu, vimepangwa kama mahindi kwenye gunzi.

Nikamweleza kisogo kile kirefu ni cha nini. Huko nyuma kuna kitu kinarusha mchirizi wa elektroni, chembe ndogo za umeme, mbele kwenye kioo, na kioo kwa ndani kimepakwa unga unaowaka ukigongwa. Sumaku zinauelekeza ule mchirizi: kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, juu mpaka chini, kisha unarudi juu. Screen nzima inachorwa upya zaidi ya mara hamsini kwa sekunde moja. Ule unga ukigongwa unawaka kidogo tu na kuzima, kwa hiyo lazima ugongwe tena na tena. Ile picha unayoona imetulia haijatulia hata kidogo. Inakufa na kuchorwa, inakufa na kuchorwa, na jicho lako ni zito kuiona ikifanya hivyo.

Akagonga kioo kwa kidole.

"Kwa hivyo hii ni dirisha tu," akasema. "Nilitoroka nikibeba dirisha."

Nilimwambia aiache monitor kwangu, nitaona la kufanya. Nilijisikia vibaya sana.

Jumapili nikaenda Turbo. Yeye asingeweza kwenda wakati ule. Mimi kwa jina langu na Kikalenjin changu ningeweza, na hilo nalo linaniaibisha kuliandika.

Duka lilikuwa kuta nyeusi bila mabati. Chini ya pale meza ilipokuwa, hapakuwa na kitu. Nikaenda kwa jirani, ng'ambo ya ua. Tumwite Mama Chebet. Huyu na Mama Njoki walikuwa chama kimoja cha akina mama cha kuweka akiba, na siku ile naleta kompyuta yeye ndiye alinikorogea chai.

Nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, nikamuuliza kama aliona box ya chuma. Akasema hajaona kitu. Alisema haraka mno, na macho yake yakaenda kwa nyumba ya kuku.

Nikamwambia sijaja kutafuta mwizi. Nikamwambia ndani ya hiyo box kuna picha ya Baba Njoki, na hakuna nyingine duniani.

Mama Chebet akakaa chini kwenye nyasi.

"Wale walikuja walibeba TV na redio," akasema. "Hii wakaitupa kwa barabara. Walisema bila TV yake ya kompyuta haina kazi. Mimi nikaiokota. Nikaogopa kuirudisha, watu waseme ni mimi niliiba. Na kuitupa nikashindwa."

Mnaona hiyo? Mama Njoki aliokoa screen kwa sababu alidhani ndiyo kompyuta. Walioiba wakaacha box kwa sababu nao walidhani hivyo hivyo. Kosa lile lile, na ndilo lililoiokoa picha.

Box ilikuwa imelaliwa na kuku wiki nyingi. Harufu yake sitaieleza, kuna watu wanakula.

Nikiwa naondoka akaniuliza, "Yeye ako mzima?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mwambie mboga yake ya sukuma wiki ilikuwa inaharibika kwa shamba. Nilichuma nikakula. Asinikasirikie."

Motherboard, ile bodi kuu ya ndani, ilikuwa imekufa, kinyesi cha kuku hakina mchezo. Lakini hard disk, pale picha inapokaa, imefungwa vizuri kwenye bati lake. Nikaitoa, nikaisafisha nje, nikaichomeka kwa mashine yangu. Kwanza haikusomeka. Nilikaa nimeishika huku nimefunga macho, na mimi si mtu wa maombi sana. Nikabadilisha cable, nikawasha tena, ikaanza kuzunguka.

Sikufungua picha peke yangu. Nilimngoja.

Alikuja siku ya pili yake. Nikataka kutumia screen yangu nzuri, akakataa. "Weka kwa yangu."

Nikabonyeza. Picha ikatokea: Baba Njoki mbele ya duka, mkono kwa kiuno, anacheka na meno yake yenye mwanya. Mama Njoki akaweka kiganja kwenye kioo. Mnajua zile monitor zilikuwa na umeme mdogo usoni, unasikia vinyweleo vinasimama. Akautoa mkono haraka, kisha akaurudisha.

Mimi nilijifanya natafuta screwdriver.

Nikasema tuprint. Printer yangu ilikuwa ya wino, yenye vitundu vidogo kuliko ncha ya sindano. Wino unachemshwa ghafla ndani ya kitundu, povu linasukuma tone nje, linatua kwenye karatasi. Rangi ni nne tu, nyeusi ikiwemo, zote nyingine ni mchanganyiko.

Ya kwanza ikatoka, na Baba Njoki alikuwa zambarau.

"Fundi," akasema, "bwanangu hakuwa hivi."

Kumbe vitundu vya njano vilikuwa vimeziba, na ngozi ya mtu bila njano inakuwa kama biringanya. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka. Nikasafisha kichwa cha printer, nikarudia. Sasa rangi ilikuwa sawa, ila akaitazama akakunja uso. "Hapa amekuwa na giza."

Mwenzangu wa jana, jibu lako ni hili. Screen inatoa mwanga wake yenyewe. Karatasi haina mwanga. Inaazima ule ulio hapo chumbani, halafu wino unakula sehemu yake, na kinachobaki ndicho jicho linapata. Nikamshika mkono nikampeleka mlangoni, juani. Picha ikafunguka, mpaka mwanya wa meno ukaonekana.

"Na stima ikipotea?"

"Hii haijui stima, Mama. Wino umeshaingia kwa karatasi. Usiianike tu kwa jua kila siku."

Akatikisa kichwa. Akaendelea kuiangalia, kisha akagusa pembeni ya picha. Mimi nilikuwa nimeona tangu mwanzo, sikutaka kusema. Upande wa kulia, nusu yake ikiwa nje ya picha, alikuwa Mama Chebet na birika la chai mkononi, anamcheka Baba Njoki vile amesimama.

Nilishampa ujumbe wa sukuma. Alikuwa ameusikiliza huku akikunja leso yake.

Nikamuuliza polepole, "Huyu nimkate? Ni rahisi, itabaki mzee peke yake."

Akapitisha kidole kwenye lile birika. Nje magari yalikuwa yanapiga honi kama kawaida.

"Wacha hivyo," akasema. "Toa mbili."

Nikatoa ya pili. Akasubiri ikauke, akaigeuza, akaandika nyuma kwa biro maneno ambayo sikuyasoma, akanipa nipeleke Turbo. Ile nyingine akaifunga kwa kile kitambaa cha maua ya pinki.

Monitor aliniachia. Iko hapa juu ya kabati ninapoandika, bado inawaka, na haikumbuki chochote.

Jumapili iliyofuata nilirudi Turbo. Mama Chebet aliisoma ile picha nyuma kabla ya mbele. Kisha akaingia ndani kutafuta kitambaa.

Nilichojifunza: mteja akikuuliza kitu ni cha nini, mjibu vizuri, hata kama una haraka. Na ile picha unayoipenda kwenye simu, inachorwa upya kila sekunde unapoitazama. Itoe kwa karatasi.

Mafundi, mnirekebishe pale nimekosea kuhusu elektroni. Na nyinyi mliokimbia mwaka ule, kama mnaweza kuandika: mlibeba nini, na ni nani alikaa na kile mlichoacha?