Wifi Aliyeondoka na Kura za Maoni

Saa mbili asubuhi Luisa Haule anasonga ugali wa muhogo kwenye kibanda chake cha chakula, jirani na ofisi ya tawi la chama hapa Liuli. Moshi unamchoma macho, samaki wanamngoja kikaangoni, na msaidizi hana.

Miaka tisa kazi hii aliifanya na wifi yake, Gertrude. Mmoja akisonga, mwenzake anakaanga, na umbea haukatiki. Kura za maoni za udiwani ndizo zilizowatenganisha.

Waliogombana ni watu wa chama kimoja. Augustino, kaka yake Luisa na mume wa Gertrude, alishindwa na mgombea mwenzake, Ladislaus. Tangu hapo tawi limegawanyika kambi mbili, hata salamu zinatoka kwa shida.

Kesho yake baada ya kura, Ladislaus alikuja kula. Pale kibandani kichwa cha mbasa, samaki mkubwa wa ziwani, ni cha mkubwa wa meza, na siku zote mkubwa alikuwa Augustino. Luisa akakiweka kwenye sahani ya Ladislaus.

"Sikuwaza siasa hata kidogo," anasema. "Kaka hakuwepo, samaki anapoa, nikampa aliyekuwepo. Wifi akavua kanga ya kazi, akaniambia, 'Wifi, leo tumekujua.' Akaenda zake."

Watu wa Augustino nao wakahama. Sahani arobaini kwa siku zimeshuka hadi kumi na tano hivi. Wapo wanaomshauri apike sufuria mbili, kila kambi na yake.

"Sufuria mbili kwa watu wanaozikana wenyewe kwa wenyewe?" anauliza, kisha anacheka kichovu.

Hasara anaivumilia. Kinachomuuma ni Gertrude. Juzi walikutana bombani. Wifi akajaza ndoo, akajitwika, akampita kama hamjui. Luisa alilia njia nzima, wala hafichi.

Viongozi wa wilaya wameahidi kuja kusuluhisha. Lini, hakuna ajuaye, na Luisa hana mpango wa kuwangoja.

"Wao watakaa kikao, watapeana vyeo, yataisha. Wifi yangu mimi hapigiwi kura," anasema huku akiepua ugali. "Jumapili tukitoka kanisani naenda kwake kumwomba radhi. Asiponifungulia, nitakaa uani nimenye muhogo wake. Namjua Gertrude. Hawezi kuniona nahangaika na kazi peke yangu akabaki ndani."