Daftari la Kupanda Ndege ya Minofu

Niliamini, na ningekula kiapo mbele ya askofu, kwamba daftari letu likijaa litapanda ndege ya minofu ya sangara, lilale kwenye barafu mpaka Ulaya, na huko wazungu watatu walisome huku wakilia. Atakayewaliza kuliko wenzake ataitwa akasomee udaktari bure. Habari hiyo nilipewa na muuza mitumba wa Mabatini. Sikumuuliza kajuaje. Mtu aliyehangaikia kidato cha nne kwa masomo ya jioni miaka sita haulizi neema inatoka wapi.

Tulikuwa wanafunzi wa uganga ishirini na kitu, nusu kwenye zahanati za mjini, nusu ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi. Mwalimu wetu, sista mmoja mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alianzisha daftari la kuzunguka. Kila wiki lilivuka kwa kivuko ndani ya kasha la chanjo. Unaandika ulichokosea kazini na ulichojifunza, wenzako wanakujibu chini yake.

Makosa? Nani aandike makosa! Daftari lilijaa utakatifu mpaka kurasa zikanata. "Leo nimejifunza kuwa mgonjwa ni binadamu." Kumbe jana alikuwa mbuzi? Na chini yake wanafiki tisa: "Hongera mwenzetu, machozi yamenitoka." Mimi niliwaacha mbali wote. Nilimfisha bibi kizee mikononi mwangu, akawa ananibariki kwa Kisukuma kurasa nne nzima. Bibi huyo hakuwahi kuzaliwa.

Siku ninamwandika, mama mmoja akaniletea mtoto anayeharisha. Nikampa pakiti ya dawa ya chumvi na sukari, nikamwambia akoroge kwenye chupa ya soda iliyojaa maji. Nilikuwa na haraka. Bibi alikuwa bado hajakata roho.

Wiki iliyofuata daftari likarudi kutoka Busisi. Binti mmoja wa huko, mwandiko kama kuku kapita kwenye majivu, alikuwa ameandika mistari michache tu. Mama katoka mjini na mtoto, pakiti nzima kaikoroga kwenye chupa moja ya soda, chumvi imemzidi mtoto. "Nimemlaza. Sijui kama atapona. Nani alimwelekeza? Asije akamwelekeza na mwingine hivyo."

Nikashika kalamu, nikaandika chini yake: "Inasikitisha mno! Mwenzetu huyo ajitafakari." Nikapiga mstari kwa rula.

Siku mbili baadaye sista akaniita. Mezani aliweka daftari, na pembeni yake orodha ya zamu. Siku ile mama alipokuja, zamuni nilikuwa peke yangu.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mtoto kapona. Anakunywa uji."

Akanisogezea daftari. Nikashusha pumzi, halafu, Mungu anisamehe, nikauliza kama ukurasa ule utaniharibia Ulaya.

"Ulaya ipi?"

Nikamweleza yote: ndege, barafu, wazungu watatu na vilio vyao. Hakucheka. Heri angecheka.

"Hakuna ndege, baba. Likijaa nalifungia kwenye kabati hili. Wanaolisoma ni ninyi wenyewe. Haya, shika kalamu. Pakiti moja, maji lita moja, yaani chupa tatu za soda. Andika, na jina lako uweke."