Macho Yaliyogoma Kuhama

Wateja walimwita Jicho, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Tangu aolewe alisimama nyuma ya kaunta ya mama mkwe wake, katika duka la vifaa vya mafundi cherehani. Ukuta mzima ulijaa maboksi ya vifungo, zipu, nyuzi na lastiki, mengi yakifanana kama mapacha. Fundi akitaja anachotaka, kabla hajafunga mdomo, mkono wa Jicho umeshafika.

Kisha wifi yake, binti wa mama mkwe, akarudi nyumbani. Ndoa ilikuwa imemshinda. Akaambiwa asikae bure, aje dukani. Mwanzoni aliuliza kila kitu: zipu fupi ziko wapi, bitana nyeusi iko wapi. Jicho alimjibu "hapo tu," akielekeza kwa kidevu. Wifi alidhani ananyimwa. Kusema kweli alikuwa ananyimwa, lakini si hivyo tu. Jicho hakuwa na maneno. Hakuwahi kukariri chochote. Akiona nyuzi za kijani, macho yalijitelemkia yenyewe hadi kwenye vifungo vya lulu chini yake, kama maji yanavyofuata mfereji.

Wifi akajifunza mwenyewe, na haukupita muda mrefu naye akawa anafika bila kutafuta. Mafundi wakaanza kumtania Jicho kwamba sasa amepata miwani. Alicheka nao, lakini kwa meno tu. Siku mama mkwe alipomwambia mteja kuwa damu ni nzito kuliko maji, na kwamba huyu binti kazaliwa na duka, Jicho hakugusa chakula cha mchana.

Kesho yake alifungua duka mapema, peke yake, akahamisha maboksi. Ya juu akayashusha, ya kushoto akayapeleka kulia. Akakung'uta vumbi mikononi, akakaa kusubiri.

Mteja wa kwanza alikuwa fundi wa magauni ya harusi, ana haraka, bibi harusi anamngoja. Alitaka vifungo vya lulu. Wifi akanyoosha mkono, akatoa lastiki. Akajaribu pengine, zikatoka pini. Akaanza kufungua boksi moja moja, jasho likimtoka, na Jicho akamtazama kwa raha ambayo hakuwa ameionja siku nyingi.

"Mpishe mwenzio," mama mkwe akamwambia bintiye.

Jicho akainuka kwa maringo. Mkono wake ukaenda moja kwa moja palepale pa zamani, ukatoa lastiki ileile. Vifungo alikuwa amevibeba mwenyewe asubuhi ile, lakini kila alipojaribu kukumbuka alipovitua, macho yalikimbilia nyuzi za kijani, na nyuzi nazo zilikuwa zimepata jirani mwingine. Fundi akatazama saa, akavuka barabara kwenda duka la pili.

Mama mkwe akauliza, kwa sauti ya chini, ni nani aliyechezea maboksi. Jicho akainama, akajifanya anaokota pini.

"Ni mimi, mama," wifi akasema. "Nilitaka kupanga upya, nikasahau nilivyopanga."

Alikaripiwa mpaka mama akachoka, akaingia chumba cha nyuma kunywa chai. Jicho alibaki na aibu, na juu ya aibu wivu mpya: hata kwa wema, huyu kamzidi.

"Wifi, kwa nini umejitwika?"

"Ukifukuzwa wewe, nitabaki na mama peke yangu. Na mama unamjua."

Jicho akacheka, ingawa hakutaka. Walishinda wakirudisha maboksi. Wifi alishika, Jicho akasimama mlangoni akiutazama ukuta na kusema siyo, siyo, haya hapo. Wifi akamwambia kwamba yeye pia, akiulizwa anajuaje kitu kilipo, hawezi kueleza.

Wivu haukuisha. Jioni mteja alitaka lesi, na mkono wa wifi ukawahi. Jicho akauma meno, akachukua mkasi, akaipima lesi na kumkatia mteja.