Vidole Kumi

Jumatatu tarehe 14 Machi 2022, saa nne asubuhi, mashine ya usajili wa laini ilikataa vidole vyake vyote kumi.

"Mama, vidole hivi vimelala," alisema wakala, binti mwenye kibanda cha bati mkabala na ghala la mazao.

"Vimelala? Mwanangu, hivi havijalala tangu niolewe."

Jembe na ufuta vilikuwa vimefuta mistari yote ya vidole. Magunia yake sita ya ufuta yalikwisha kupimwa, na mnunuzi alikuwa akilipa kwa simu tu. Orodha ya namba ingefungwa wiki moja baadaye. Asiyekuwa na laini angelipwa kwa namba ya ndugu, na ndugu mwenye laini ni shemeji tu, ambaye tangu mumewe afariki hupokea pesa zake na kumletea nusu na maelezo.

Wakala akampa dawa: mafuta ya mgando asubuhi na jioni, asishike udongo siku saba, mistari irudi.

Akakaa mlangoni, mikono mapajani imeng'aa, kama mizigo ya mtu aliyeomba atunziwe. Mvua ilipita mbali, ikarudi, ikapita. Mahindi yalimfika mtu magotini na magugu yakayafuata. Mkwewe, mke wa mwanawe, alimpikia na kumkatia nyama vipande.

"Kaa hivyo hivyo, bibi harusi," mkwe alimtania.

Siku ya tatu aliacha kuhesabu saa. Aliitazama mikono hadi ikawa migeni, mikono ya msichana fulani aliyewahi kumjua, aliyesukwa nywele na mama yake jua likizama.

Siku ya tano shemeji akaja, akasimama uani.

"Shemeji, magugu yanamaliza shamba, wewe umekaa kama picha ukutani! Namba yangu si ipo?"

"Ipo, shemeji. Ila pesa zangu zikifika huko hupotea njia."

Shemeji akacheka peke yake, akaaga.

Jumatatu iliyofuata mashine ilikataa gumba, ikakataa kidole cha shahada. Wakala akakifuta kioo kwa upindo wa kanga, akamshika kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akakilaza taratibu. Taa ikawa ya kijani.

"Sasa weka namba ya siri. Mimi naangalia pembeni."

Alibonyeza tarakimu nne, polepole, kila moja kwa kidole chake.

Kesho anarudi kupalilia. Malipo yanaingia Ijumaa, kwa namba yake.