Baba Alipoleta Mashua Matuu

Enzi zetu, mtu akistaafu kutoka Mombasa, kijiji kizima kilijua atashuka na nini: godoro la sponji, redio, na halua ya kuonjesha majirani. Baba yangu, fundi wa mbao bandarini, alirudi Matuu na mashua. Ilikuja juu ya lori, imefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada. Na nyinyi wa rika langu mnakumbuka ukame wetu: mtoto aliosha miguu siku za wiki, mwili mzima Jumamosi, kisha maji hayo hayo yakanywesha sukuma wiki.

Susu, mama yake Baba, aliizunguka mashua ile mikono kiunoni. "Mwanangu," akasema, "hata Nuhu aliambiwa kwanza kuna mvua inakuja."

Lakini bwawa tulikuwa nalo huko bondeni, pana hadi watu wa ng'ambo tuliwaita wageni. Zahanati ilikuwa kwao, na kulizunguka kwa miguu kulimaliza asubuhi yote. Mama akashona tanga kwa magunia ya unga. Herufi za gunia moja zilikataa kutoka hata kwa sabuni ya mche, kwa hivyo tulisafiri majini chini ya maneno WEKA MAHALI PAKAVU.

Kila Jumamosi tuliivuta nchi kavu. Mimi, Mwende, kifungua mimba, nilisokota pamba nikaichovya kwenye lami ya moto, Baba akaipigilia kwenye nyufa za mbao kwa nyundo na patasi butu. Harufu ile ya lami haijanitoka puani mpaka leo. Nyumbani Baba alikuwa na swali moja tu, "Habari ya shule?" na jibu lilikuwa moja tu, "Mzuri." Lakini akiinama kwenye ufa, mdomo ulifunguka. Alinisimulia alivyolia mwezi wake wa kwanza bandarini, na alivyomwogopa baba mkwe. "Mashua ni kama ndoa," aliniambia. "Ukiiona kavu usijisifu. Inua ubao uangalie chini."

Kisha diwani wetu akaleta maendeleo. Alinunua boti ya injini, nyekundu, akaita watu siku ya kuizindua. Padri alikuja, mchungaji akaja, kwaya ikaja, na sufuria ya pilau ikapakiwa ili viongozi wale wakielea. Diwani akamwona Baba akifunga tanga. "Baba Mwende!" akaita kwa kipaza sauti. "Hiyo nguo umeanika ikikauka utatuambia!" Watu walicheka mpaka kwaya ikakosa sauti. Nami nilitamani maji yanimeze.

Boti iliondoka kwa kishindo, viongozi na kwaya ndani. Katikati ya bwawa ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Sisi wa ukingoni tukadhani ni maombi, wengine wakavua kofia. Ndipo tukasikia mayowe: walikuwa wamejazana kupita kiasi, na maji yalikuwa yanaingia.

"Mwende, shika usukani," Baba akasema.

"Walitucheka, Baba."

"Watacheka tena wakifika. Shika."

Upepo ulitujaza tanga, tukawafikia. Baba akawatupia kamba, akawahamishia akina mama kadhaa kwetu, tukaanza kuwavuta. Hatukufika mbali. Upepo nao, kama mtumishi wa serikali, saa sita ulienda kula.

"Sasa, Baba Mwende," diwani akauliza, viatu vikielea, "hii yako inawashwa wapi?"

"Mheshimiwa, ambia watu washike sahani."

Wakashika. Padri upande mmoja na mchungaji upande mwingine, wakapiga makasia kwa sahani za pilau, kwaya ikiwaimbia mwendo. Diwani mwenyewe alipewa kifuniko cha sufuria, akachota maji kutoka kwenye boti yake. Usukani ulibaki mikononi mwangu, na Baba hakuja kuushika hata mara moja.

Tulipogusa ukingo, diwani akapanda jiwe akatangaza kwamba yote yalipangwa, kuonyesha umoja wa kale na kisasa. Watu wakampigia makofi; sisi Wakamba tuna heshima. Boti nyekundu iliishia kuwa banda la kuku wake. Mashua ya Baba iliwavusha wajawazito kwenda zahanati mpaka magoti yake yalipokataa.

Juzi nilirudi bwawani na kijana wangu, Mutua. Siku hizi wanakodisha boti za plastiki zenye rangi za peremende, na vijana huvaa jaketi la kuokoa maisha wakipiga picha wakiwa bado wameegesha mchangani. Nikamwuliza anayezikodisha, "Ikitoboka mnaiziba na nini?"

Akanitazama kama nimemwuliza bei ya punda. "Tunatupa, mathee. Tunaleta ingine."

Tulipanda moja. Ilikuwa nyepesi, safi, haikuvuja tone. Mutua akakaa mbele na simu yake, mimi nyuma na mikono isiyo na kazi. Nilitafuta pa kuanzia, nikamwuliza habari ya chuo. "Poa," akasema. Tukazunguka, tukarudi ukingoni tukiwa wakavu kabisa, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno lingine.