Fundo la Ng'ombe

Kwa miaka mitatu niliwaacha watu wa Endasak waamini kwamba mimi ni mvuvi. Nilipofika kufundisha shule ya msingi hapa waliniuliza kwetu ni wapi, nikajibu Mwanza, na yaliyobaki wakayajaza wenyewe. Ukweli ni kwamba nimelelewa na fundi cherehani katikati ya mji, na samaki nilikutana nao sokoni, wakiwa wamekwisha kukauka. Kuogelea sijui. Lakini mtu akishakuvika sifa, kuivua ni kazi.

Likizo iliyopita rafiki yangu, mkulima ambaye mahindi yake yamepakana na uwanja wa shule, alinijia na shida. Dada yake wa mwisho ameposwa na kijana wa kando ya Ziwa Viktoria, na baba wa kijana angefika kesho yake. Chakula bila samaki, kwa mzee huyo, si chakula. Tatizo ni kwamba nyumbani kwa rafiki yangu samaki haliwi. Mama yake humwita nyoka wa majini. Alibembelezwa wiki nzima ndipo akakubali samaki apikwe, ila nje, kwenye mafiga nyuma ya zizi, tena kwenye sufuria ya kuazima kwangu.

"Wa kununua sitaki," rafiki yangu alisema. "Mkwe wetu aone nimehangaika kwa mkono wangu. Twende Basotu, Mwalimu, unifundishe."

Ningekataaje?

Tulikwenda kwa pikipiki yake, na nyuma yangu tumefunga tyubu mbili za trekta alizopewa na dereva wa mashamba ya ngano. Ziwani tukazijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, kwa zamu, mpaka mabega yakauma. Katikati ya kila moja tulikuwa tumekaza gunia la kukalia. Kabla hatujaingia majini, rafiki yangu alichukua kamba ndefu ya kufungia ng'ombe, akanizungushia kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye tyubu yake.

"Ili tusiachane," alisema, nami sikubisha.

Asubuhi hiyo nilifundisha kuliko nilivyopata kufundisha darasani. Usivute mshipi haraka. Kivuli chako kisimguse samaki. Mengi niliyatunga papo hapo, huku vidole vyangu vimeng'ang'ania tyubu. Yeye alitii yote na kuongeza la kwake: samaki akinasa, alimsemesha kama anayekamua. "Tulia, tulia, mama. Taratibu." Na walitulia! Kufika saa sita alikuwa na perege saba walionona. Mimi nilikuwa nimevua jani.

Somo langu la mwisho lilikuwa la kweli, nilisikia sokoni: samaki wapitishe kamba kwenye mashavu, uwafunge ubavuni mwa tyubu, wakae majini wasiharibike. Akafunga. Kisha furaha ikamzidi, akataka tuwatazame, akavuta ncha ya kamba yao.

Sasa, mfugaji hufunga fundo moja tangu utotoni, fundo la ng'ombe. Ng'ombe avute atakavyo, halilegei. Lakini wewe ukivuta ile ncha mara moja tu, linafunguka lote, maana siku zizi likishika moto hakuna nafasi ya kuhangaika na mafundo. Likafunguka. Perege saba wakaondoka wameongozana na kamba yao, kama ng'ombe wanaokwenda mnadani.

"Wakamate!" nilipiga kelele, nikajirusha upande ule. Tyubu ikapinduka.

Sitapamba. Niliita mama yangu, nikanywa maji, nikaita tena. Kamba ikanikaza kiunoni, nikahisi navutwa, mkono baada ya mkono, mpaka nikaikumbatia tyubu yake. Akapiga miguu hadi ufukoni. Nilikohoa pale mchangani, na aibu ilinichoma kuliko maji ya puani. Alijaribu kufungua fundo la kiunoni mwangu, likagoma, akalikata kwa kisu.

"Lako sikufunga la ng'ombe," alisema.

"Ulijua?"

"Tangu masika ya mwaka juzi. Korongo la kanisani lilikuwa na maji ya magoti, wewe ukazunguka mpaka barabara ya Mogitu. Nikasema, huyu ni mtu wa ziwa gani?"

"Na bado ukanileta!"

"Maneno ya samaki unayajua, Mwalimu. Kuelea tuliiachia tyubu."

Nilikasirika, halafu nikacheka mpaka nikakohoa upya. Yeye alicheka kidogo tu, akatazama maji. Mkwe alikuwa njiani. Basi akarudi ziwani peke yake, kamba kiunoni mwake, na ncha yake nikaishika mimi nimekaa nchi kavu. Jua likielekea kushuka alitoka na perege wawili.

Kesho yake mzee alifika. Nilimpa shikamoo, na aliposikia nimetoka Mwanza akawa ananiita "mwanangu" kila neno la pili. Rafiki yangu, mzee alimwita "bwana" tu, kwa adabu ya mgeni. Samaki walipoletwa alikula polepole, akafyonza hadi vichwa.

"Nani kavua hawa?"

"Ni Mwalimu huyu," rafiki yangu alijibu. "Mwenzenu wa ziwani."

Alinipa heshima ile aliyoihangaikia siku nzima kwa ajili yake mwenyewe, ili mimi nisiumbuke. Macho kayazamisha kwenye sahani yake ya maharage.

"Nilijua!" mzee alisema. "Mwanangu, kule kwetu ulikuwa unavulia upande gani?"

"Mzee, mimi hata kuogelea sijui. Jana nilizama, akanivuta kwa kamba. Samaki hawa kavua yeye, na humu kwao hawaliwi."

Mama wa rafiki yangu, aliyekuwa mlangoni, akaziba mdomo kwa kanga. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko. Mzee aliweka mwiba chini. Akaangalia maharage ya rafiki yangu, akaangalia sahani yake. Kisha akanawa mikono, akainuka, akampa rafiki yangu mikono yote miwili.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia.

Kuanzia hapo mimi nikawa "bwana."