Uvimbe Uliokuwa Unahama

Siku yangu ya kwanza katika idara ya upasuaji, hapa Goma, mkuu wa idara hakunipa kisu. Aliniambia, "Dokta, pasha mikono kwanza. Tumbo ikiguswa na baridi inafunga mulango."

Baadaye nilitumwa Rumangabo kwa miaka kadhaa. Niliporudi, mkuu alikuwa bado yupo, na ndipo alipokuja Mama Kavira, muuza maharagwe wa Ndosho. Alikuwa amekonda, na dawa za minyoo hazikumsaidia. Ukoo ulimtuhumu wifi yake, Furaha, kwamba alimtilia karuho, ile sumu ambayo watu wa kwetu huihofia katika kinywaji. Walikuwa wanataka kumfukuza Furaha nyumbani.

"Alinipa kasiksi," Kavira alisema, akimaanisha pombe yetu ya ndizi. "Tangu pale kitu inahama mu tumbo. Leo iko huku, kesho kule."

Furaha, aliyesimama mlangoni, alijibu, "Nikuue, na hao watoto wako wote wabakie kwangu? Niko mujinga?"

Nilimpapasa Kavira tumbo, sikukuta kitu. Nikamwambia mkuu.

"Sasa hivi anaumwa?"

"Hapana, Papa Dokta."

"Kitu yenye inahama, ingojee irudi kwake."

Tukamlaza. Maumivu yalipomshika baada ya chakula, nilipasha mikono nikagusa: uvimbe mrefu kama ndizi. Kwenye ekografia, mashine inayopiga picha kwa mawimbi ya sauti, tuliona duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Utumbo ulikuwa umejiingiza ndani yake wenyewe, mfano wa mkono wa shati uliovutwa ndani. Ukijiachia, uvimbe hupotea. Kwa mtoto hutokea mara nyingi bila chanzo kujulikana. Kwa mtu mzima, vijana wangu mnaojifunza upasuaji, tafuteni kinachouvuta.

Tulipopasua tulikikuta: uvimbe wa aina adimu, ulioota katika ukuta wa utumbo mwembamba. Ulitoka wote. Mkuu aliwaonyesha ndugu za Kavira uvimbe huo ndani ya chupa. "Karuho yenu ni hii. Hakuna mutu aliipika."

Kavira alipona. Nilipostaafu, yeye na Furaha walikuja kwenye sherehe yangu na dumu la kasiksi. Kwetu anayemimina huonja kwanza, ili mgeni asiwe na shaka. Furaha akamimina, akainua kikombe kwenye midomo yake.

Kavira akakishika. "Acha, wifi. Leo naanza mimi."

Akanywa mpaka chini.